Dodoso la OQLQ kwa wagonjwa wa upasuaji wa taya: zuri, ila angalia siku ya kulijaza

Eksirei huonyesha taya limesogea milimita ngapi. Kama mtu bado anaziba mdomo kwa kiganja anapokutana na wageni, hilo lazima aulizwe, na OQLQ (Orthognathic Quality of Life Questionnaire), dodoso la ubora wa maisha ya wenye kasoro za taya lililotolewa na Cunningham na wenzake Uingereza mwaka 2000, linauliza. Lina vipengele 22, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 88. Alama zikipanda, hali ni mbaya zaidi. Vipengele 8 vinahusu maisha mbele za watu, 5 sura, 5 kuuma na kutafuna, 4 namna mtu anavyojikagua. Soma kila kundi peke yake: jumla humficha aliyeridhika na sura huku kutafuna bado kukimsumbua.

Kosa kubwa ni kulijaza mara ya kwanza siku chache kabla ya upasuaji. Wakati huo brazi (vyuma vya kunyoosha meno) zimekaa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, zikisimamisha meno sawasawa juu ya taya lake, na kwa mwenye taya la chini lililochomoza kasoro huzidi kuonekana. Ukianzia hapo, faida ya upasuaji itaonekana kubwa kupita kiasi. Lijazwe kabla ya brazi, tena kabla ya upasuaji, kisha baada ya miezi 6, uvimbe ukiwa umepungua.

Upungufu usiopendeza hata kidogo: haliulizi ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, tatizo la kawaida taya la chini likikatwa, kwani neva hupita ndani yake. Swali hilo liongeze mwenyewe.