CVT kwenye dizeli ya kazi: miaka minne, tela moja na mlima mmoja

Kwa miaka minne niliendesha gari la dizeli lenye giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia, na kwa miaka mitatu na nusu ya hiyo minne sikuwa na neno baya juu yake. Sasa naendesha pikapu ya dizeli yenye otomatiki ya kawaida, gia sita. Walionijua zamani wananiuliza mbona sikununua pikapu yenye CVT, kwa jinsi nilivyokuwa naisifia. Niliitafuta, sikuipata. Kwa nini haipo, nilikuja kulielewa mlimani.

Nianze na utamu, maana CVT ina utamu wake. Nguvu ya dizeli iko chini, kwenye mizunguko kama 1,500 hadi 2,500 kwa dakika. Ukiwa chini ya hapo tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imelala. Ukipita sana, injini inapiga kelele tu. Gia za kawaida zinakuingiza na kukutoa hapo kila zinapobadilika. CVT haina cha kubadilisha. Ina puli mbili ambazo kuta zake zinasogeleana na kuachana, na kati yake unapita mkanda wa chuma au mnyororo. Puli moja ikijibana mkanda unapanda kwenye ukingo wake, huku kwenye ile nyingine unazama, na uwiano unahama taratibu bila ngazi. Basi injini yangu ilikuwa inakaa 1,800 palepale huku spidi ikitoka 40 hadi 90, bila mshtuko hata mmoja. Kwenye foleni ilikuwa raha tupu. Abiria wa nyuma alikuwa analala na kuamka tumefika. Mafuta nayo lilikuwa linanusa tu.

Kero ilikuwa sauti. Ukikanyaga sana, mizunguko inaruka juu na kuganda huko, gari linanguruma kama mashine ya kusaga, halafu mwendo unakuja nyuma yake kwa muda wake. Unazoea. Mimi nilizoea ndani ya mwezi.

Kosa langu lilikuwa kuligeuza gari la familia kuwa gari la kazi. Nilianza kufunga tela la magurudumu mawili: kwanza mbao, baadaye matofali, mwisho saruji. Na sikuzidisha uzito. Kitabu kilitaja kikomo cha tela na mifuko niliihesabu mwenyewe. Tambarare hakukuwa na tatizo. Siku moja mchana, jua kali, nikaingia mlima mrefu nikiwa nyuma ya lori linalotambaa. Mwendo kama 25, mguu nusu ya mafuta, dakika kumi nzima hivyohivyo. Taa ya njano ikawaka na gari likaishiwa nguvu kama mtu amelishika shati kwa nyuma. Nikasimama, nikaweka mawe nyuma ya tairi za tela, nikafungua boneti. Harufu ya oili iliyoungua. Nikangoja dakika 40, nikawasha, likaondoka kama hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo ningeacha kama ningekuwa na akili. Nikarudia mara mbili zaidi.

Baada ya ile ya tatu, gari likaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, kama linapita kwenye barabara yenye matuta ya bati, na barabara ni lami. Fundi alimwaga oili kwenye beseni jeupe na kuitingisha. Ilikuwa na rangi ya kahawa, na juu yake kulikuwa na mng'ao kama vumbi la magamba ya samaki. Alipofungua kabisa akaniambia, pitisha ukucha hapa. Nikaupitisha kwenye uso wa puli, uliotakiwa kuwa laini kama kioo. Ukucha ukakwama.

Maelezo yake yalinitosha kuliko yote niliyowahi kusoma. Gia ina meno, meno yanashikana, basi. Mkanda wa CVT hauna meno. Unashikiliwa kwa kubanwa peke yake, chuma kwa chuma, oili katikati. Dizeli inasukuma kwa mapigo mazito injini ikiwa bado chini, tela linavuta nyuma, na mkanda ukiteleza hata unywele mmoja unakwaruza puli. Unga wa mkwaruzo unaingia kwenye oili na kwenda kuziba vali zinazopeleka presha ya kubana, kwa hiyo kubana kunapungua na kuteleza kunazidi. Ukitaka kubana zaidi unahitaji pampu yenye nguvu zaidi, nayo inakula nguvu ya injini na kuleta joto.

Usinielewe vibaya, dizeli na CVT zimewahi kuoana. Audi walikuwa na Multitronic yenye mnyororo, iliyobeba dizeli zenye msukumo (nguvu ya kuzungusha) wa hadi nyutoni mita 400, lakini waliiacha mwaka 2014. Na kwenye matrekta ndiyo kwao hasa: Fendt ilionyesha 926 Vario mwaka 1995, trekta la dizeli la nguvu za farasi 260 lisilo na ngazi za gia. Ila pale hakuna mkanda. Sehemu ya nguvu inapita kwenye meno na sehemu inapita kwenye pampu na mota ya haidroliki, kwa hiyo hakuna cha kuteleza. Ni mtambo mkubwa, mzito, na ghali. Chini ya pikapu sijui ungekaa wapi.

Pikapu za leo zina msukumo mkubwa kuliko gari langu lile. Hilux ya lita 2.8 ilipoboreshwa mwaka 2020 ilipewa nyutoni mita 500 kwa otomatiki, na 420 tu kwa gia za mkono. Ford Ranger ya lita 2.0 yenye tabo mbili inatoa 500 pia, na giaboksi yake ina gia kumi. Gia kumi zimepangana karibu sana, kwa hiyo injini haitoki mbali na pale inapopenda kukaa. Utamu mwingi wa CVT umo humo, na meno bado yapo.

Yangu ina sita, na si malaika. Ikiwa na mzigo kwenye mwinuko mdogo inahangaika kati ya tano na sita, inaingia inatoka, inaingia inatoka, mpaka nasogeza mkono wa gia upande na kuishikilia nne. Asubuhi ikiwa baridi, mbili kwenda tatu ina kigongo unachokisikia kiunoni. Lakini niliirudisha kwenye mlima uleule, tela lilelile, mifuko ileile. Kwenye kifaa nilichochomeka chini ya usukani oili ya gia ilisoma digrii 96 kileleni na haikuongezeka. Kusimama katikati ya mwinuko na kuondoka tena ilikuwa kuachia breki na kukanyaga kidogo.

CVT bado ninayo nyumbani, kwenye gari dogo la petroli la mke wangu, na tunaelewana. Oili yake naibadilisha kila kilomita 40,000. Lilikuja na ndoano ya tela. Niliifungua siku ya pili.