Siku ya kuendesha kwenye vituo vya Porsche: lipia utelezi, usilipie kasi

Wengi wanaoweka nafasi kwenye vituo vya udereva vya Porsche wanafuata jambo moja: kukanyaga mafuta mpaka mwisho pasipo trafiki wala tuta. Hilo utalipata, na litakwisha upesi. Taycan Turbo S iliyotoka mwaka 2019 inatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.8. Mguu wa kushoto unakandamiza breki, wa kulia unazamisha mafuta hadi sakafuni, breki inaachiwa, kisogo kinagonga kiegemeo, imekwisha. Mara ya pili bado utacheka. Mara ya tatu hakuna kipya, kwa sababu kazi yote imefanywa na kompyuta na wewe ulikuwa abiria uliyeshika usukani. Thamani ya siku hii iko kwenye vipande vya lami vilivyolowanishwa makusudi, pale gari linapoanza kuserereka kwa mwendo ambao hata baiskeli ya mashindano inaufikia.

Vituo hivi viko nchi kadhaa: Leipzig na Hockenheim huko Ujerumani, Silverstone huko Uingereza (tangu 2008), Atlanta na Los Angeles huko Marekani, Franciacorta huko Italia, Kisarazu karibu na Tokyo, na kwingineko. Havifanani. Uwanja wa Leipzig umejengwa kwa kunakili kona maarufu za dunia, ikiwemo Corkscrew ya uwanja wa mashindano wa Laguna Seca huko Marekani na Karussell ya ule wa Nürburgring huko Ujerumani, kwa hiyo mwenye hamu ya kula kona atafurahi zaidi huko. Silverstone ina nguvu kwenye mazoezi ya utelezi. Kabla ya kulipa, omba orodha ya mazoezi yaliyomo kwenye kifurushi chako, zoezi kwa zoezi, maana jina la kituo halikuhakikishii kwamba utapita kila kipande chake.

Jambo la kuuliza kabla ya yote ni nani atakaa nawe garini. Mifumo iko miwili. Wa kwanza ni wa mwalimu mmoja kwa dereva mmoja, amekaa kiti cha abiria, kwa kawaida dakika 90. Wa pili ni wa kundi: mnagawiwa magari, mara nyingi watu wawili gari moja, mwalimu yuko gari la mbele au pembeni mwa uwanja na anaongea kwa redio. Wa pili huitwa siku nzima na kwenye karatasi unaonekana mkubwa. Piga hesabu. Zoezi la dakika 40 hutoa dakika 10 za maelezo, 30 zinazobaki mnagawana wawili, kila mmoja 15. Kama kupiga zoezi mara moja na kurudi kwenye foleni ni dakika mbili na nusu, umepata mizunguko sita, na katika hiyo muda wa gari kuteleza kwa kweli haufiki dakika tatu. Kwenye dakika 90 na mwalimu wako, unarudia mpaka mkono uzoee, na kosa linasahihishwa papo hapo, si baada ya foleni. Kama kundi ndilo lililopo, uliza mtu anakaa kwenye usukani dakika ngapi kwa siku. Kituo kinachojua kazi yake kitakujibu bila kuzunguka.

Kuhusu gari, usikimbilie lenye nguvu kubwa kuliko yote. 911 Turbo S hung'ang'ania barabara mpaka mwendo ambao mgeni hathubutu kuufikia, kwa hiyo unaweza kumaliza siku bila kuona mpaka wake uko wapi. 911 Carrera ya kawaida inatosha, tena inafundisha zaidi. Injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na uzito mwingi wa gari umelala huko. Ukiingia kona ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mzigo, mkia unatoka. Ukirudisha mafuta taratibu wakati wa kutoka, uzito unarudi nyuma na gari linajichimbia barabarani. 718 Cayman ina injini katikati, mbele ya ekseli ya nyuma. Inageuka upesi na kwa usawa, lakini ikishaanza kuzunguka nayo haingoji. Vifurushi vya kulinganisha magari mawili ni vizuri iwapo utapewa mazoezi yaleyale kwa yote mawili. Ukipewa moja la kona na jingine la kuondoka kwa kasi, hujalinganisha kitu.

Mwalimu mzuri hatawasha gari kabla ya kurekebisha ulivyokaa, na hapo ndipo utamjua. Makalio yaingie mpaka ndani ya kiti. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Nyoosha mkono juu ya usukani huku mabega yakigusa kiti: kifundo cha mkono kitue juu ya ukingo wa usukani. Mikono ishike kushoto na kulia, katikati kabisa ya pande hizo. Watu wengi hukaa mbali mno, na kasoro yake huonekana kwenye breki ya dharura, pale wanapojisukuma kwenye kiti badala ya kusukuma kanyagio.

Breki ya dharura ndiyo zoezi la mwanzo na watu hulidharau. Maelekezo ni mepesi: fika kwenye koni kwa mwendo uliotajwa, kanyaga kwa nguvu zote, usiachie. Kinachoharibika ni kwamba mtu hukanyaga kwa hatua, kidogo kisha zaidi, kama anavyofanya kila siku mjini. Kosa la pili ni kuachia pale ABS, mfumo unaozuia tairi zisigande wakati wa breki, inapoanza kutetemesha kanyagio, akidhani kuna kitu kimevunjika. Mtetemo huo ndio dalili kwamba mfumo unafanya kazi, endelea kukandamiza. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, na umbali wa kusimama kutoka 100 ni kama mara nne ya ule wa kutoka 50. Waombe wakupitishe kwa 50 kisha kwa 100, uone koni zilivyoachana. Kisha huja kufunga breki huku ukikwepa kikwazo. Hapo kuna jambo la kushika: tairi lina kibaba kimoja tu cha kushika barabara. Ukikimaliza chote kwenye breki, cha kukata kona hakipo. ABS hukubakishia kiasi, lakini si chote.

Tukija kwenye bamba la chuma, hapa ndipo tungekaa nusu ya siku. Bamba limezikwa usawa wa lami. Unakuja kwa karibu kilomita 40 kwa saa, tairi za mbele zinapita salama, za nyuma zikifika juu yake haidroliki inalivuta ghafla kushoto au kulia. Upande haujulikani, kompyuta inabahatisha. Mbele yako lami imemwagiwa maji na ina utelezi mtupu. Mkia umeshatoka kabla hujafikiri.

Kinachotakiwa ni vitu vitatu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza macho: tazama mwisho wa uwanja unakotaka kwenda, usitazame ukingo unaokujia, kwa sababu mikono hufuata macho. Pili usukani: zungusha upesi kuelekea upande mkia ulikokwenda. Upesi maana yake ni upesi kweli. Anayefanya pole pole amechelewa tayari. Tatu, na hapa wengi ndipo wanapoangukia, rudisha usukani katikati mara mkia unapoanza kurudi. Usiporudisha, tairi za mbele zinabaki zimegeuka, na zikishika barabara gari linarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Mserereko wa pili ndio unaozungusha watu, si wa kwanza. Gari likishakushinda kabisa, kanyaga breki mpaka chini na ubaki hapo. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga na klachi. Gari litazunguka na kusimama. Nafasi ya kuzunguka ipo, hakuna ukuta karibu.

Sharti moja: omba baadhi ya mapito yafanywe mfumo wa kuzuia mserereko ukiwa umewashwa, na mengine ukiwa umezimwa. Ukiwashwa, utasikia breki za tairi mojamoja zikikamatwa zenyewe na gari linyooke huku wewe hujafanya lolote la maana. Ukizimwa, utajua ni kiasi gani umekuwa ukibebwa. Ukifanya kwa namna moja tu, umepata nusu ya somo.

Duara la utelezi, yaani uwanja wa mviringo uliolowanishwa unaouzunguka, linafuata mantiki hiyo hiyo kwa utulivu zaidi. Ukizidisha mwendo, mbele ndiko kunakoanza kugoma: usukani umegeuzwa lakini gari linakwenda moja kwa moja. Mazoea humtuma mtu aongeze usukani. Ni kosa, tairi linazidi kukwaruza bila kushika. Punguza mafuta, fungua usukani kidogo, subiri pua irudi. Kuchezesha mkia kwa makusudi, yaani kukanyaga mafuta mpaka nyuma itoke kisha kuushikilia mserereko kwa mguu na mkono kwa pamoja, hakuiviki kwa siku moja. Ukiweza kushikilia robo ya duara, umefanya vizuri. Mwalimu anayekusifia kwa duara zima la bahati anapendezesha tu mteja.

Kilima cha barafu ni mteremko uliopakwa sakafu laini na kulowanishwa, wenye vizuizi vya maji vya kukwepa. Kinafurahisha na ni kifupi, hakiongezi mengi juu ya duara. Njia ya mashimo kwa Cayenne, gari la juu la Porsche, ni polepole kuliko watu wanavyotarajia, na uzuri wake uko hapo: tairi moja inaning'inia hewani, unaondoa mguu kwenye breki, na gari linashuka mteremko mkali lenyewe. Anayeendesha gari la juu nyumbani asiache zoezi hili.

Kwenye uwanja wa kona, makosa ni yaleyale kwa karibu kila mgeni: anafunga breki amechelewa, anaingia kona na mwendo mwingi, kisha anangoja katikati bila kujua afanye nini. Funga breki usukani ukiwa umenyooka, achia taratibu huku ukigeuza, na mafuta yaanze pale unapouona mlango wa kutoka. Mzunguko wa mwisho ni wa mwendo wa wastani bila kukanyaga breki sana, ili diski zipoe. Ukifika kituoni ukasimama na diski zimechemka, joto hujikusanya sehemu moja. Mwalimu asipokuambia hilo, muulize.

Kuhusu mambo ya karatasi: leseni halali, na uisome ile fomu ya dhamana ya gari. Tafuta kiwango utakachodaiwa ukiligonga, na kama kuna malipo ya ziada ya kukipunguza. Vaa viatu vya soli nyembamba visivyo na kisigino; buti nene huua hisia za breki. Kula kidogo. Mwenye kichefuchefu cha safari akae kwenye usukani kila inapowezekana, kwa sababu anayeumwa zaidi ni yule wa kiti cha abiria akingoja zamu. Chakula cha mchana na duka la kofia havihusiani na ubora wa siku.

Mvua isikufanye uahirishe. Mazoezi ya utelezi hayabadiliki, kwani uwanja wake hulowanishwa hata jua likiwaka, na kwenye kona utajifunza mengi kwa mwendo mdogo. Joto kali ndilo la kuogopa zaidi, hasa alasiri: tairi zinachoka, nawe pia. Ukipewa kuchagua saa, chukua asubuhi, na bamba la chuma liwekwe mapema wakati kichwa bado chepesi. Mwishoni, mwalimu akikupakia azunguke mwenyewe, usiangalie barabara. Angalia mikono yake inavyosogea kidogo, na mguu wake unavyoachia breki taratibu ndani ya kona.