Mikanda ya kuzamia ya kurekebishwa: miezi saba nayo ziwani

Kazi yangu ni kuzamia chini ya vizimba vya ngege upande wa Usenge, Ziwa Viktoria. Nakagua nyavu, naziba matundu, natoa samaki waliokufa. Nyumbani ni Kisumu, karibu na Dunga. Kwa miaka mitatu nilivaa jaketi la kuelea la kuazima, lile linaloshika mtungi wa hewa mgongoni, lililokatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, nami nina futi tano na inchi mbili.

Jaketi lile lilinitesa. Mtungi ukiwa umejaa, hakuna neno. Ukikaribia kuisha, tabu inaanza. Hewa ya mtungi mmoja mkubwa uliojaa ina uzito unaozidi kilo mbili, na mtungi wa alumini ukishapoteza uzito huo unataka kuelea wenyewe. Basi nikiinama kushona wavu, mtungi unapanda mgongoni na valvu inanigonga kisogoni. Siku moja bizimu ya plastiki ya begani ililegea, jaketi likanipanda hadi masikioni, na mkono wangu ukawa haukifikii kisu cha kukatia nyavu. Maji ya huku wanaoyajua wanayajua: kiganja ukikiweka mbele ya uso hukioni. Kitu usichokipata kwa kupapasa hukipati. Nilitoka majini natetemeka, na jioni ile nikaanza kutafuta vifaa vyangu mwenyewe.

Nilivipata kwa fundi mmoja wa Pwani anayeshona mikanda ya kuzamia na kuitangaza mitandaoni. Picha ilikuwa ya mwanamume mwenye mabega mapana, maji ya buluu, samaki wa kila rangi, na maandishi: saizi moja kwa wote, rekebisha kwa sekunde chache. Nikampigia. "Dada, tumeitengenezea bahari, lakini hata ziwani itafanya kazi tu," akaniambia. Hakuniuliza kimo changu wala uzito. Nililipa shilingi 18,500, na mzigo ukaja kwa basi.

Nianze na uzuri wake, maana ni mwingi. Mgongoni kuna bamba la alumini lenye nafasi za kupitishia mkanda. Mkanda wenyewe ni mmoja mrefu wa nailoni, upana wa inchi mbili, unapita mabegani, unazunguka kiuno na kufungwa kwa bizimu moja ya chuma kisichoshika kutu. Mtindo huu si mpya. Ulikuzwa na wazamiaji wa mapangoni kule Florida, akiwemo Bill Hogarth Main, na jina lake hilo la kati ndilo lililopewa mtindo. Alichoongeza fundi wetu ni kipande cha chuma chenye meno kila bega, ili uweze kukaza au kulegeza bila kufumua mkanda wote. Vile vile kuna mkanda wa kupita kati ya miguu, na huo ndio ulioniokoa. Mtungi ukitaka kupanda, unazuiwa kutoka chini. Tangu nianze kuuvaa valvu haijanigonga hata mara moja.

Yale meno nayo yanashika kwelikweli. Siku tano kwa wiki, matope, magamba, mafuta ya injini ya boti, na bega halijateleza. Siku ya kwanza tu ndiyo niliyodhani limeteleza, kumbe ni nailoni. Nailoni ikinywa maji inanyooka kidogo, kwa hiyo ukiikaza ikiwa kavu utaikuta imelegea ukishazama. Loweka mikanda kwanza, kisha ndipo upime. Hili lilistahili kuandikwa kwenye karatasi ya maelezo, na halimo.

Kuhusu "sekunde chache", hapana. Kukaza bega ukiwa tayari umevaa, sawa, hizo ni sekunde. Lakini kuiweka ikukae mwilini mara ya kwanza ni kazi ya asubuhi nzima. Tulikaa kwenye nyasi za Dunga, mimi na mwenzangu wa kazi, tukafumua na kupitisha upya mara nne. Pete za kifuani, za kuning'inizia taa, zilikuwa zimewekwa chini mno, karibu na mbavu. Nilifumba macho, nikakunja mkono kama ninavyofanya nikitafuta taa, na mwenzangu akatia alama ya chaki pale kidole gumba kilipogusa. Pete ikahamia hapo. Mabega tuliyaacha yamelegea kuliko nilivyodhani, kwa sababu lazima mkono ufike nyuma ya kichwa kwenye valvu. Ukikaza sana utapendeza pichani, na chini ya maji utashindwa kujiokoa.

Kasoro kubwa ni ncha za mikanda. Imekatwa kwa mtu mkubwa, kwa hiyo kiunoni nilibaki na zaidi ya futi moja ya mkanda unaoning'inia. Baharini kwenye maji meupe pengine si neno. Chini ya kizimba, pembeni mwa wavu uliolegea na mizizi ya gugumaji, huo ni mtego. Nilikata, nikaziba ncha kwa moto wa mshumaa zisifumuke, kisha nikaenda kwa fundi wa bodaboda pale Kondele nikaomba tyubu kuukuu. Vipande vya tyubu vikikatwa kama pete vinabana ncha ya mkanda vizuri, na havina gharama.

Tena, karatasi yake inakadiria risasi za kiunoni, yaani vile vipande vizito vya kukuzamisha, kwa maji ya chumvi. Maji ya ziwa ni mepesi kwa takriban asilimia 2.5. Mimi na vifaa vyangu tuna kilo 90 hivi, kwa hiyo huku nahitaji risasi pungufu kwa kilo mbili na zaidi. Mgeni akifuata karatasi ile atazama kama jiwe. Na ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hata majedwali ya muda wa kuzamia si yale ya Mombasa.

Nilimpigia fundi nikamweleza haya yote. Nasema kwa moyo mweupe, alinisikiliza. Nilimwambia kazi yake ni nzuri kuliko tangazo lake. Anatuonyesha samaki wa rangi, na sisi wa huku tunataka kuona bizimu kwa karibu, meno ya chuma, na mkono wa mtu mfupi unaofika kwenye valvu. Wanaozamia kwa ajili ya riziki ziwani hawajioni kwenye picha zake, basi wanaendelea kuazima majaketi yanayowapanda masikioni. Akaniuliza, "Sasa wewe dada ungetaka niulize nini kabla ya kuuza?" Nikamtajia: kimo, upana wa mabega, kutoka bega hadi nyonga, na maji gani.

Nimemwagiza seti ya pili, ya mwenzangu. Juzi nilimpima kwa kamba ya mkonge, tukafunga fundo kila kipimo, nikaihesabu kwa sentimita na kumtumia fundi kwa simu. Mkanda wa kiuno nimeomba aukate mfupi tangu huko.