Jiko la Kamukunji lenye kifuniko: nyota nne

Nakaanga chapati jioni karibu na steji, kwa hivyo jiko likilala nami nimelala. Jiko langu la kwanza la makaa lilipasuka udongo wa ndani baada ya miezi minne tu. Nikalitia kwenye gunia nikalirudisha kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, walioniuzia, nimejiandaa kwa ugomvi.

Mzee mwenye kibanda hakulitazama mara mbili. "Mama, chukua jipya." Mfanyakazi wake, kijana wa kukunja bati, ndiye aliyeweka nyundo chini. Akalipindua, akapitisha ukucha kwenye ufa, maswali yakaanza. Sufuria yako kubwa kiasi gani? Ugali unasongea hapa hapa? Makaa yanayobaki usiku unayafanyaje?

Nayamwagia maji, niyaanike niyatumie kesho. Nani hafanyi hivyo?

"Basi ni maji, mama. Udongo ukiwa moto hivyo hauyataki."

Miaka yote nanunua majiko, hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza habari za usiku. Akaniambia nirudi Jumamosi. Nikakuta jiko jipya na kifuniko alichokata kwenye mabaki ya pipa, ukingo wake ukishuka kidogo kulikumbatia jiko. Ukifunika na kufunga mlango wa majivu, makaa yanakosa hewa, yanazimika yakiwa makavu. (Mimi nafunikia nje, moshi wa makaa usiouona ndio unaoua.)

Nilimuuliza mzee kama haoni kijana anampotezea muda. Akacheka: mabaki ya bati ni yake ayachezee, mradi oda zitoke. Tena hata hili lenye kiuno, akasema, lilianzia kwenye jiko la Thailand, ambalo udongo wake hufika hadi chini. Miaka ya 1980 mafundi wa hapa wakalibana kiuno, udongo wakauacha juu tu, yanapokaa makaa.

Sasa nalitumia mwezi wa tisa, sijaona ufa. Ila kishikio cha kifuniko ni waya mtupu, umeshaniunguza mara mbili, na mlango wa majivu hukwama. Jiko nililipa shilingi 900, kifuniko 150. Wiki jana nilipopita, vifuniko kama kumi vilikuwa vimening'inizwa mbele ya kibanda.

Fika asubuhi kabla nyundo hazijachanganya. Na jiko lako bovu usilitupe, libebe. Yule kijana atataka kuliona.