Madurai kwa miguu: simu inakufikisha langoni tu

Programu ya simu niliyoinunua ili nijitembeze mwenyewe Madurai, kusini mwa India, imetengenezwa na watu wanaoujua mji. Sauti inasikika vizuri, ramani haidai intaneti, na msimulizi hakuchoshi. Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa jambo moja: ukiingia hekalu la Kihindu la Meenakshi unaiacha simu nje. Marufuku hiyo ipo tangu 2018, baada ya moto kuunguza ukumbi mmoja upande wa lango la mashariki. Hakuna anayebembelezwa: kuna kaunta ya kuweka simu, kuna kaunta ya viatu, na kuna askari wa kukupekua. Sasa nusu nzima ya masimulizi niliyoyalipia ni ya huko ndani! Wauzaji hawakuligusia hilo popote.

Lakini nje ya ukuta, jamani, hapo walifanya kazi. Mitaa ya mji mkongwe imelizunguka hekalu mraba ndani ya mraba, na mingi ina majina ya miezi ya Kitamil: Chithirai ndio unaogusa ukuta, kisha Avani Moola, kisha Masi. Kila mmoja una pande zake nne, Masi ya Magharibi, Masi ya Kaskazini na kadhalika. Ukishaushika mpango huo hupotei hata ukizima simu. Chithirai hauna magari, kwa hiyo unaweza kutembea umeinua shingo ukiitazama minara. Ule wa kusini ndio mrefu kuliko yote, takriban mita 52, na umejaa sanamu za rangi kuanzia chini hadi juu: miungu, mapepo, wanyama, hakuna nafasi iliyoachwa wazi.

Kituo kilichonigusa zaidi hakina mnara wowote. Ni nyumba iliyoko Masi ya Magharibi ambamo Gandhi, tarehe 22 Septemba 1921, aliamua kuacha nguo zake za kawaida na kuvaa shuka ya kiunoni kama mkulima maskini. Leo pana duka la khadi, kitambaa kinachosokotwa na kufumwa kwa mkono. Msimulizi anaeleza kwa kifupi halafu ananyamaza, akuache utazame. Laiti angefanya hivyo kila mahali.

Maua hakuyataja kabisa, sijui kwa nini. Karibu na malango akina mama wamekaa na marundo ya asumini, wanaifunga kwa uzi haraka kiasi kwamba vidole huvioni. Wanauza kwa mkono: muuzaji anaunyoosha uzi wa maua kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, anakata, basi. Mwenye mkono mrefu nunua kwake.

Kwa ndani, kodi mwongoza watalii wa kibali, au soma mapema uende na karatasi. Bila maelezo utaupita ukumbi wa nguzo elfu (ziko 985, ukizihesabu) kama unapita ghalani. Wasio Wahindu hawaingii vyumba viwili vitakatifu vya mungu wa kike Meenakshi na mumewe Sundareswarar, ila sehemu kubwa iliyobaki iko wazi, pamoja na bwawa la yungiyungi la dhahabu. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Beba soksi, maana mawe ya uani yanachoma.

Ratiba ya programu nayo irekebishwe. Inakufikisha hekaluni mchana, wakati hekalu hufungwa saa za adhuhuri hadi alasiri. Mimi ningeanza asubuhi na mapema kwa mitaa, mchana nikapumzika, jioni nikaingia ndani na kubaki hadi usiku, wakati Sundareswarar anapobebwa kwa machela kwenda chumbani kwa mkewe, ngoma na tarumbeta zikitangulia. Kasri la mfalme Thirumalai Nayak la 1636 liko kilomita moja na ushei kutoka hapo. Kwa jua lile, panda bajaji.