Diski ya Nosferatu: eti "filamu za kimya ndivyo zilivyo"

Nosferatu, filamu ya kimya ya kutisha ya mwongozaji Mjerumani Murnau, 1922. Muuzaji wa mtandaoni simtaji. Picha safi, mikwaruzo michache, bei si mbaya; ningempa nyota nne. Nikauliza mbona watu wanatembea kama wamevamiwa na nyuki. Jibu: "Bosi, filamu za kimya ndivyo zilivyo."

Si kweli! Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kati ya fremu (picha mojamoja za filamu) 16 na 20 kwa sekunde. Kasi ya 24 ilikuja kuwa kanuni sauti ilipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1920. Nosferatu kwa fremu 18 huchukua dakika kama 94. Diski hii inaisha kwenye 70 na ushei, yaani imechezwa kwa fremu 24: 94 mara 18, gawanya kwa 24. Hakuna kilichokatwa, aliyenakili amezikimbiza fremu tu.

Hilo linatibika. Fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, shusha kasi hadi 0.75, zima sauti. Hukosi kitu, ni kinanda kilekile kinachojirudia, wakati Hans Erdmann aliitungia filamu hii muziki wa okestra tangu onyesho la kwanza Berlin. (Kama nakala yako mwendo wake ni wa kawaida ila unakwamakwama, fremu zimerudiwa ili kujaza pengo. Hiyo usiishushe.)

Rangi ndiyo siwezi kusamehe. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa ndani, waridi kwa alfajiri. Hawa wameifuta yote, nadhani ili ionekane ya kale. Sasa Orlok, mnyonya damu anayeuawa na mwanga wa jua, anabeba jeneza lake mtaani jua likiwaka! Asiyejua atamcheka Murnau. Mwisho nao umekufa, kwa sababu bila waridi hujui kwamba kumekucha. Na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Nyota mbili, basi. Kwa aliyekwisha kuona nakala yenye rangi, usafi wa picha una faida yake... Hapana, moja. Nilipolalamika tena niliambiwa nijaribu tivi nyingine.

Popote unaponunua, uliza dakika na uombe kuonyeshwa kipande cha usiku. Ukitajiwa sabini na kitu, au usiku ukiwa mweupe, usilipe.