FamilySearch: nimemtafuta babu wa waifu aliyeishi Minnesota nikiwa hapa hapa Iringa

Kwa mnaouliza kama unaweza kutafuta ukoo wa Marekani ukiwa huku kwetu bila kulipa dola, jibu ni ndiyo. Tovuti inaitwa FamilySearch, ni ya lile kanisa la Wamormoni ila si lazima uwe muumini wao, unafungua akaunti basi, kadi ya benki hawaulizi. Mimi nawapa nyota tano.

Waifu kwao Minnesota (hapa Iringa watu wa Minnesota tumewazoea, kanisa la Kilutheri, yaani KKKT Dayosisi yetu, na makanisa ya kule St. Paul ni marafiki wa siku nyingi). Wanangu upande wa kwetu wanaujua mpaka basi, babu yao kashawapeleka Kalenga na Lugalo, wanakusimulia vita ya Wahehe na Wajerumani ya 1891 utadhani walikuwepo, ila upande wa mama yao walikuwa wanajua tu kuna mzee alitoka Norway akaenda kulima. Iliniuma, mtoto ana pande mbili bwana.

Utamu wenyewe uko kwenye sensa. Marekani wanahesabu watu kila miaka 10 tangu 1790, lakini zile za mwanzo ameandikwa jina mkuu wa kaya peke yake, kuanzia 1850 ndo wakaandika kila mtu huru kwa jina lake, waliokuwa watumwa wakasubiri mpaka 1870, halafu 1880 wakaongeza huyu ni nani kwa mwenye nyumba, mke, mwana, mama mkwe. Ya 1900 ndo kiboko, ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka aliohamia, na kila mama kaulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Bibi yetu, mke wa mzee yule, kaandikiwa amezaa 9, hai 6. Waifu kusoma pale akanyamaza kabisa, maana kwao hakuna aliyewahi kuwataja hao watatu, nikamwambia basi tuwatafute.

Shida sasa sensa ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto Washington mwaka 1921, kwa hiyo kutoka 1880 unarukia 1900, na humo katikati watoto wanazaliwa na kufa huoni kitu. Bahati nzuri Minnesota walikuwa na sensa yao ya jimbo 1885 na 1895, nazo zimo humo humo. Kuna katoto ka kike kana mwaka mmoja 1880, ukifungua 1885 kaka zake wote wapo, kenyewe hakapo. Huyo mmoja tayari tumempata na jina lake, tumemwandika kwenye chati ya ukoo pamoja na wenzake. Wawili bado.

Mambo ya kuangalia: ule mti wa ukoo wa mle ndani ni mmoja wa dunia nzima na yeyote anaweza kubadilisha, kwa hiyo usimeze jina kwa sababu limeandikwa, fungua picha ya fomu yenyewe usome. Majina ya Kinorway makarani waliandika walivyosikia, weka alama ya * katikati ya jina ukisachi, inasaidia sana. Baadhi ya picha zinafunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. Na picha ni nzito, tumia bando la usiku.

Kumbukumbu za ardhi nendeni kwenye tovuti ya GLO (ofisi ya ardhi ya zamani ya serikali ya Marekani), bure pia, unaweka jimbo na jina la ukoo. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka 5, na hati ya babu tumeiona, na eneo la shamba limeandikwa, wanangu wakataka kuliona kwenye ramani hapo hapo. Sasa hivi tumehamia Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za kale za Norway, kwenye vitabu vya ubatizo, mwenye uzoefu wa kusoma mwandiko wa wale wachungaji aniambie.